Saa za Mwalimu Dieudonné

Mangobo, Kisangani, Jumamosi alasiri

Salima mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele kwa tantine Mwamini, nami namjua dada yangu: hatakuachia mpaka amalize kichwa chako na habari za mtaa mzima. Kwa hiyo nina alasiri yote mbele yangu. Nimekuja kukaa huku darasani, kwenye dawati la mbele, kwa sababu nyumbani sanduku lako liko katikati ya sebule, na kila nikilitazama mkono unakataa kuandika.

Mambo ya sweta, dawa na pasipoti sitayagusa. Tantine anayo orodha yake, amekusomea mara tatu, na kesho njiani kwenda uwanja wa ndege atakusomea ya nne. Wala sitakufundisha kusali au namna ya kuishi na watu. Hayo kama hayakuingia kwa miaka ishirini na minne, barua haitayaingiza. Nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka kumi na miwili, na nisipoliandika leo, utaishi na uongo wangu huko Thailand ukidhani ni kumbukumbu yako mwenyewe.

Juzi jikoni ulinisikilizisha sauti ya yule bwana mkurugenzi wa shule inayokungoja. Ulikuwa unanitafsiria neno kwa neno, umesahau kwamba mama yako ndiye aliyekula chaki ya Kiingereza kabla hujazaliwa. Alisema mkataba ni saa ishirini za kufundisha kwa wiki. Halafu, kwa sauti tamu kabisa, akaongeza kwamba mwalimu husimama getini tangu saa moja asubuhi kuwapokea watoto, jioni hubaki kupamba darasa, na Jumamosi mbili kila mwezi huja kwenye michezo ya Kiingereza na wazazi. Hizo hazihesabiwi, alisema, kwa sababu hapa sisi sote ni familia.

Wewe ulicheka kwa furaha. Ukaniambia, "Mama, unasikia? Hawa bantu iko bazuri. Banasema tuko famille."

Mimi nikageuka kufunika sufuria ya mboga ya pondu, na ile sufuria ilikuwa imefunikwa tayari. Ukadhani nina huzuni ya safari yako, ukaja kunishika bega. Huzuni ya safari ninayo, sitakuficha. Lakini pale jikoni nilishtuka kwa sababu nyingine. Maneno ya yule bwana nayajua. Niliyasema mimi, hapa hapa kwetu, kwa sauti ile ile, kwa mwalimu Dieudonné.

Najua jina hili utalisoma kwa kukunja uso. Ulikuwa na miaka kumi na miwili alipoondoka bila kukuaga, ukachukua daftari alilokuandikia ukalitia ndani ya moto wa makaa, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nikikutazama. Ningeweza kukuzuia kwa neno moja. Nilinyamaza, maana hasira yako kwake ilinifaa. Ngoja nianze mwanzo, nisije nikakimbia katikati.

Kabla sijafungua kituo hiki cha lugha, nilifundisha miaka mitano katika sekondari moja ya hapa mjini bila jina langu kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Walimu wa namna ile tulikuwa wengi, na mpaka leo wapo. Unafundisha, unasahihisha, unasimamia mitihani, na kila ukiuliza mkuu wa shule anakujibu, "Patience, mama, dosie yako iko Kinshasa." Mwaka ule papa yako alilazwa kwa ugonjwa wa ini. Alasiri moja nilikuwa nimefunga mfuko wangu niende hospitali, mkuu akaniomba nibaki nimalizie karatasi za darasa la sita. Saa mbili tu, alisema. Nilibaki. Nilikuwa naona nikikataa, ile dosie, faili la jina langu, itapotea huko iliko. Nilipofika hospitali, tantine Mwamini alikuwa amesimama mlangoni pa wodi, ameshika viatu vya papa yako mkononi, na wewe umelala mgongoni mwake.

Kabla hajakata roho papa yako aliniulizia, nilikuja kuambiwa. Aliuliza mara mbili Zaina yuko wapi, wakamjibu yuko kazini. Mwanangu, kazi gani ile? Kazi ambayo haikunijua hata jina.

Mtu angedhani mwanamke aliyeonja uchungu kama ule hawezi kumwonjesha mwingine. Mimi pia ningedhani. Lakini moyo wa binadamu haukutengenezwa hivyo, au labda ni wangu tu. Nilichojifunza pale kilikuwa kibaya: nilijifunza kwamba ndivyo kazi inavyoanza, kwanza unatoa bure, halafu Mungu anaona. Nilipofungua kituo katika vyumba hivi viwili alivyoniachia papa yako, nilikuja na desturi ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii mkuu wa shule nilikuwa mimi.

Dieudonné alikuja mwaka wa tatu wa kituo. Alikuwa ametoka chuo kikuu na digrii yake ya Kiingereza, suruali moja nyeusi iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Alikuwa mtoto wa wavuvi wa Wagenia pale kwenye maporomoko, wa kwanza katika ukoo wao kumaliza chuo. Tulikubaliana miezi mitatu ya majaribio, bila malipo, kisha tuongee. Siku ile ile ya kwanza ilipofika saa ya kula nilimwita mezani. Lituma ilikuwa ya moto, ndizi zimepondwa vizuri, na samaki wa kufukizwa. Alisitasita, akasema amekula. Nikamwambia, "Kaa, mutoto. Hapa haiko kazi ya patron na mutumishi. Hapa tuko famille."

Nilisema kwa moyo mweupe, nataka ulijue hilo. Sikuwa nimekaa nikapanga kumla mtu. Nilipenda kumwona anakula, nilipenda anavyokusalimia, nilipenda nyumba kuwa na sauti ya mwanamume tena. Lakini miezi mitatu ilipokwisha, na alipokuja amesimama mlangoni kwa heshima kunikumbusha, niligundua kwamba lile neno lilikuwa limenifanyia kazi. Mtoto hadai mama yake. Nilimwambia wanafunzi bado wachache, avumilie mpaka muhula ujao, na nikampakulia. Akala. Muhula ukaja, ukaenda.

Alikaa nasi miaka miwili na nusu. Mara moja moja nilimpa kitu cha nauli ya pikipiki, nikajiona nimetenda wema. Alifundisha kuanzia saa nane mchana mpaka jioni, siku sita. Alifika kabla ya wanafunzi ili afagie, na alibaki baada yao ili afute ubao. Vitabu vyetu vya mazoezi, vile ambavyo wewe umefundishia, ni yeye aliyeviandika kwa mkono wake, mimi nikaweka jina la kituo juu. Na kila siku, akishamaliza yote hayo, alikaa nawe barazani saa nzima. Hiyo hata haikuwa kwenye maongezi yetu. Nilikuambia tu, "Enda kwa kaka yako akuonyeshe."

Unakumbuka alivyokuwa anakufanya useme sentensi moja mara kumi huku anapiga ndoo kama mbiu ya mgambo? Unakumbuka mlivyocheka? Watu wa Thailand walipokufanyia mtihani kwa simu na kukuuliza ulisoma nchi gani, ukasema Kisangani na hawakuamini, mimi nilikuwa chumba cha pili nasikia. Kiingereza kile hukukipata kwangu. Mimi Kiingereza changu kina kutu ya shule ya zamani, wewe mwenyewe hunicheka. Kile kinachokupandisha ndege kesho ni cha Dieudonné. Ni saa moja kila jioni, miaka miwili na nusu, na sijawahi kumlipa hata moja.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifumbua macho, na lilichelewa. Kule kwenye maporomoko wana sheria yao. Mitego yao inashikiliwa na miti iliyosimikwa kwenye mawe katikati ya maji makali, na maji yakiivunja ni lazima wanaume wote wa ukoo waende kuisimika upya. Anayekwenda kuisimika ana sehemu yake ya samaki. Asiyekwenda hana, hata kama ni mtoto wa mzee. Dieudonné kwa ajili ya vipindi vyangu aliacha kwenda. Siku moja alinieleza habari ya mjomba wake, akitabasamu kama mtu anayesimulia ya jirani: "Tonton alikata part yangu, Mama Zaina. Alisema mutu hakuyaka ku kazi hana samaki."

Nikacheka. Nikamwambia, "Samaki si iko hapa kwetu kila siku?"

Alitazama sahani yake. Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba hakuwa anajizungumzia yeye. Ile sehemu yake ilikuwa inaliwa na mama yake na wadogo zake wanne. Mimi nilikuwa nashibisha tumbo moja na kulaza matumbo matano na njaa, na bado nikisema Alhamdulillahi nina mkono wa kutoa. Wavuvi wasiojua kusoma walikuwa na njia ya kujua nani amefanya kazi na anastahili nini. Mimi mwenye digrii yangu ukutani sikuwa nayo.

Halafu likaja shirika moja mjini likitafuta mkalimani. Kazi nzuri, ya mkataba. Walitaka karatasi yenye muhuri inayoonyesha amefundisha wapi na miaka mingapi. Alikuja kwangu Jumatatu, amevaa ile suruali.

"Mama, minaomba attestation. Banataka niipeleke mbele ya Ijumaa."

Nikahesabu upesi moyoni: mitihani ya wanafunzi wiki tatu mbele, wazazi wananijua kwa sababu yake, wewe unajiandaa kuingia sekondari. Nikamwambia muhuri umeharibika, uko kwa fundi. Jumatano akarudi. Nikamwambia fundi amefiwa. Alhamisi jioni akaja tena, hakuuliza, alisimama tu karibu na kabati. Nikamwambia, "Juma ingine, mutoto. Weye unajua mi ni mama yako, sitakutupa."

Muhuri ulikuwa kwenye mtoto wa meza, chini ya mkono wangu.

Kazi ile akapewa mwingine. Wiki tatu baadaye mitihani iliisha, nikawa napiga mihuri kwenye vyeti vya wanafunzi, hapa hapa kwenye dawati hili, na sikumsikia alivyoingia. Nilipoinua kichwa alikuwa anautazama ule muhuri. Nilikuwa nao mkononi, Salima, na wino umeniingia vidoleni. Tulitazamana. Nilingoja anitukane, kweli ningefurahi angenitukana. Alisema tu, "Kumbe fundi alitengeneza," akaenda darasani, akafundisha kipindi chake mpaka mwisho. Kisha akakaa nawe barazani saa yako yote. Sikumsikia akipunguza hata dakika. Nilikuwa nimejificha jikoni, nasikia mnavyocheka, na nilijua harudi.

Hakurudi. Kesho yake ulimngoja barazani mpaka mbu wakakuingiza ndani. Siku ya nne ukaniuliza mwalimu yuko wapi, na mimi nikakujibu, nakumbuka maneno yote: "Vijana wa leo wanapenda dhahabu. Ameona heri kwenda Bafwasende kuliko kukufundisha." Kwamba alikwenda Bafwasende kwenye machimbo ilikuwa kweli. Hayo mengine niliyatia mimi. Ndipo ukachoma daftari.

Alikufa mwaka uliofuata, shimo liliwaangukia wakiwa watatu. Wewe uliambiwa amekufa kwa homa, na hukulia, na mimi nikashukuru kwamba hukulia. Siku ya matanga nilikuacha kwa Mwamini. Nilikwenda na gunia la mchele, sukari, na nilikodi viti vya plastiki hamsini. Niliposimama kutoa rambirambi mbele ya watu, machozi yalinitoka kweli, na nikasema nimefiwa na mwanangu.

Mama yake alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Hakuinua sauti. Alinitazama kwa upole ambao mpaka leo siutaki, akasema, "Mama, miye nilizaa yeye. Weye ulikuwa patron yake. Sema tu vile, haiko mubaya."

Haiko mubaya. Alimaanisha kama alivyosema. Kuwa patron si dhambi. Ningekuwa patron wake, ningemlipa kidogo nilichokuwa nacho, ningempa karatasi yake, naye angekwenda zake, angekuja sikukuu kunisalimia amevaa suruali nyingine. Mimi nilikataa kuwa patron kwa sababu patron ana deni na mama hana. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka kule mpaka Mangobo. Ulikuwa umelala. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chako nikitaka kukuamsha nikuambie. Sikukuamsha usiku ule, wala siku zilizofuata, na ndivyo miaka inavyopita, hakuna ufundi mwingine.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu bado sina, lakini huyo mmoja amekwisha kuzaliwa, amekua, anakaa nami mezani.

Sasa unaweza kujiuliza kama nataka ukawakatalie watu wa Thailand, ufike kwao na kiburi cha mgeni anayekagua nyumba. Hapana. Kusimama getini kuwapokea watoto asubuhi ni jambo zuri, watoto wanapenda kuona sura inayowangoja. Utasimama kama utapenda. Ninachotaka ni kwamba siku watakapokuomba saa moja ya ziada na kukupakulia chakula juu yake, ujue kwamba saa haiokotwi njiani. Kila moja imetoka kwa mtu. Yangu ilitoka kwa papa yako. Za Dieudonné zilitoka kwenye sahani ya mama yake. Kabla hujatoa ya kwako, tazama kwanza nani anayenyang'anywa, na kama ni wewe mwenyewe, basi wewe pia ni mtu. Wakikuambia sisi ni familia, cheka nao, kula nao, halafu waulize swali lako kuhusu mkataba kwa adabu ile ile, pale pale mezani. Dieudonné hakuuliza tena kwa sababu alikuwa na adabu kuliko mimi, na mimi niliitumia adabu yake.

Na ukikaa muda huko, ukapewa siku moja mwalimu mdogo chini yako, kijana wa watu mwenye suruali moja, nitakuwa labda sipo. Basi sitakuambia cha kufanya. Umesoma barua hii.

Nilidhani ningeishia hapa. Nimeinuka, nimekwenda mpaka mlangoni, nimeona viatu vyako vya kufundishia vimepangwa chini ya benchi kama unavyoviacha kila jioni, na nimerudi kuketi, maana ukurasa huu ndio mgumu zaidi na nilikuwa nautoroka.

Baada ya matanga yale nilijirekebisha, au nilisema hivyo. Mwalimu aliyemfuata Dieudonné nilimlipa vizuri, kila mwisho wa mwezi, mkononi. Mwenyewe nilijisifu. Kisha wanafunzi wakapungua, naye akapata pengine, akaaga kwa amani na karatasi yake yenye muhuri. Na wakati ule ule wewe ukamaliza chuo, miguu yangu ikaanza kuvimba, na ukaniambia, "Mama, kaa tu, nitakusaidia."

Umenisaidia miaka mitatu. Umefundisha kutoka saa nane mpaka jioni, siku sita, vitabu vile vile. Wenzako walipokuita kwenye harusi zao, ulikuwa kwenye kipindi. Yule kijana wa mtaa wa Tshopo aliyekuwa anakuja kukuona, mimi nilijua kwa nini aliacha kuja: alichoka kukungoja barazani. Ulikuwa unapika ukitoka darasani na kunikanda miguu ukitoka jikoni, na mwisho wa mwezi nilipokea ada za wanafunzi mkono huu, nikazipeleka zilikokwenda, na haikunipitia hata siku moja kukuuliza wewe unahitaji nini. Uliponunua kitambaa cha nguo ya safari hii, ulikopa kwa tantine. Mwamini ndiye aliyeniambia, jana, na aliniambia kwa jicho la pembeni.

Kwako sikuhitaji hata kutamka lile neno la familia. Nilikuzaa, lilikuwa limekwisha semwa. Juzi jikoni ulipofurahia maneno ya yule bwana niliona wazi kwa nini hayakukushtua: ndiyo kazi pekee unayoijua. Mimi ndiye niliyekulea uione ni ya kawaida. Naomba unisamehe, Salima. Siandiki hivi kwa desturi ya waagwao na waagao, wanaosema kama nimekukosea bila kujua. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimeambiwa na mama aliyekaa mkekani, mbele ya watu, na bado.

Tonton Rashidi amekwisha anza kutaja mabati ya nyumba yake. Shangazi zako upande wa papa wanaulizana utaanza kutuma mwezi wa ngapi. Hapa kwetu mtoto akipanda ndege, watu wanapanga foleni kabla haijatua, nawe una moyo laini, utakopa uwapelekee. Usitume. Wala kwangu usitume. Wakikupigia simu, waambie Mama Zaina amesema umekwisha kutuma, miaka mitatu, na yeye ndiye aliyepokea. Wakitaka ushahidi waje kwangu, nitawaonyesha barua hii kama utakuwa umenirudishia nakala. Watanisema sana. Wataniambia nimekuharibu. Nitawapa lituma.

Usinionee huruma ya darasa. Jumatatu nitafundisha mwenyewe nikiwa nimekaa, kundi moja tu la mchana, na la jioni nimelifunga, wazazi nimewaambia leo asubuhi. Walikasirika kidogo, kisha wakaniuliza habari za safari yako.

Nimesikia sauti yako njiani, unaongea na watoto wa jirani. Kichwa kimekwisha, basi. Nitaikunja barua hii niitie ndani ya sanduku, chini ya sweta, uisome ukishafika, usije ukaahirisha safari kwa ajili yangu. Kesho uwanjani nitalia, na Mwamini atanitetea kwamba ni uzee. Usimwamini, lakini usiogope pia. Mwalimu aliyekuwa ananifanyia kazi miaka hii mitatu nimeagana naye hapa, kwenye dawati hili, na nimemwomba radhi. Kesho nitakayemlilia ni mtoto wangu tu.

Mama yako,
Zaina